Ukumbi wa Ng'ambo ya Songwe

Jumapili ya tarehe 22 Machi 2020, baada ya ibada, watu watatu wa kamati ya harusi walinifuata ofisini. Siku sita tu zilikuwa zimepita tangu serikali itangaze mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Shule zilikuwa zimefungwa, mikutano ya siasa na michezo imesimamishwa, na mlangoni pa kanisa letu tulikuwa tumeweka ndoo ya maji tiririka na sabuni. Washarika walikuwa wakipungiana mikono badala ya kushikana, wengine wakicheka kama watoto waliojifunza mchezo mpya. Lakini makanisa hayakufungwa, na hapa kwetu hakuna aliyezuiwa kutoka nyumbani kwake.

Shida ya kamati ilikuwa hii. Binti wa usharika wetu alikuwa amechumbiwa na kijana wa upande wa pili wa mto Songwe, katika wilaya ya Karonga. Ndoa ingefungwa Ngana baada ya Pasaka, na karamu ingefanyika kwa wakwe, katika ukumbi ambao kianzio chake kilikwisha kulipwa. Sasa siku mbili kabla, Ijumaa ya tarehe 20, Rais wa Malawi alikuwa ametangaza hali ya maafa na kuzuia mikusanyiko ya watu zaidi ya 100, harusi na mazishi vikiwemo. Orodha ya wageni wa upande wetu peke yake ilipita idadi hiyo. Kwa hiyo kamati ilitaka kuvuka Jumamosi inayofuata kuuona ukumbi, kuhesabu viti na kupatana na wakwe nani aje na nani abaki. Waliuliza, "Mchungaji, tuna kosa tukienda?"

Nilijibu haraka mno. Nilisema serikali yetu haijakataza, ukumbi wenyewe ni mtupu, ninyi ni watu watatu, nendeni kwa tahadhari. Wakaniomba niende nao ili tuombe pamoja na wakwe. Nikakubali, tukawa wanne.

Anayekaa Ngana anajua mto huu ulivyo. Wajerumani na Waingereza waliufanya mpaka kwa mkataba wa mwaka 1890, lakini mashamba, ng'ombe na ndoa havikuulizwa. Lugha za pande zote mbili zinasikilizana, majina ya koo yanafanana, na ng'ombe wa mahari wamevuka maji haya miaka mingi kuliko mwananchi yeyote mwenye pasi ya kusafiria. Ndiyo maana hatukufikiria sana tulipoacha kituo cha Kasumulu na kuvuka kwa mtumbwi. Tulijiambia kwamba kituoni tungechelewa. Ukweli ni kwamba tuliogopa kurudishwa, na mtu anapochagua njia ambayo hataulizwa anakokwenda, amekwisha kujibu nusu ya swali lake.

Tulifika, tukauona ukumbi, tukahesabu viti, tukakaribishwa nyumbani kwa bibi yake bwana harusi, tukala, tukaomba, tukarudi. Hakuna aliyeugua. Niliseme hili waziwazi, kwa sababu wengine wanapenda hadithi ambamo mkosaji huadhibiwa kabla ya jua kuchwa. Wagonjwa wa kwanza wa Malawi walitangazwa tarehe 2 Aprili kule Lilongwe, na ugonjwa huo uliingia kwa msafiri aliyetoka India. Mtumbwi wetu haukupeleka kitu. Hata hivyo nimeendelea kuamini kwamba jibu nililolitoa ofisini lilikuwa baya, na kwamba lingekuwa baya vilevile pasipo mtu kuumia, kama dereva aliyelala kwenye usukani akaamka akiwa bado barabarani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutazama amri ya upande mmoja wa mto. Niliuliza kama Tanzania imetukataza, nami nilikuwa nakwenda Malawi. Tena siku ile sisi ndio tuliokuwa na ugonjwa nchini mwetu. Wao hawakuwa wametangaza hata mgonjwa mmoja. Katazo lao liliwekwa ili watu wa namna yetu wasiwaletee jambo. Tumezoea kufundisha Warumi 13 kana kwamba inahusu serikali ya mahali tulipozaliwa tu, lakini mgeni anayeingia nyumba ya watu huvua viatu kama mwenye nyumba anavua viatu, hata kama kwake huvaa mpaka kitandani.

Mtu anaweza kuniambia kwamba amri ile haikugusa safari yetu. Ilihesabu watu 100, nasi tulikuwa wanne. Haikusema neno juu ya kutazama ukumbi mtupu. Ni kweli, na hapo ndipo penye ugumu. Mambo makubwa, yaani harusi yenyewe, mazishi, ibada, yaliwekewa hesabu na kila mtu aliyajadili. Safari ndogondogo za maandalizi hazikuandikwa popote: kupima mapazia, kuonja chakula cha mpishi, kupeleka kadi za mchango mkononi kwa sababu kuzituma kwa simu kunaonekana dharau. Tuliziona si kitu. Lakini harusi moja ya kwetu huwa na vikao vingi kuliko wiki za uchumba, na kila kikao ni chumba kimoja, benchi moja, sahani moja ya ndizi. Ukihesabu, watu waliokutana kwa maandalizi hupita kwa mbali wale watakaokaa ukumbini.

Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, chuo kikuu kilihamishiwa Jena, naye Martin Luther akabaki mjini pamoja na mchungaji Johannes Bugenhagen kuwahudumia watu. Mkewe Katharina alikuwa mjamzito, na nyumba yao ikawa kama hospitali. Wakati uleule Luther alimwandikia Johannes Hess, mchungaji wa Breslau, aliyekuwa ameuliza kama Mkristo anaweza kukimbia tauni. Wengi wetu tunapenda nusu ya kwanza ya barua ile, inayosema mchungaji, hakimu na kila mwenye wajibu kwa jirani asiwaache watu wake. Nusu ya pili tunaisoma kwa haraka. Humo anawakemea wale wanaodharau dawa na kujipenyeza kila mahali ili waonekane hodari wa imani, akisema hao wanamjaribu Mungu. Kuhusu yeye mwenyewe anaeleza kwamba ataifukiza nyumba, atatumia dawa, na atajiepusha na watu na mahali pasipomhitaji, asije akawa sababu ya mwingine kufa. Lakini jirani akimhitaji, atakwenda.

Tazama kwamba swali lake si kama safari imeruhusiwa. Anauliza kama anahitajika. Hilo ndilo sikuliuliza ofisini kwangu, na ndilo lingelitatua jambo letu bila kusoma gazeti. Kama wakwe wangefiwa Ijumaa ile, ningevuka, na nadhani ningefanya vema. Kama bibi yule angeugua na kuomba Chakula cha Bwana, ningevuka na kunawa na kukaa mbali kadiri iwezekanavyo. Lakini viti havikuwa na haja nami. Bwana harusi mwenyewe alikuwa pale. Angeweza kuvihesabu na kutupigia simu, tena picha zingefika jioni ileile. Niliitwa na nani? Niliitwa na desturi, na kidogo na hamu yangu ya kuwa mchungaji anayekwenda na watu wake popote.

Sitaki kuidharau desturi. Nilipomweleza mama wa binti mawazo haya miezi kadhaa baadaye, alinijibu, "Mchungaji, unasema karamu si lazima kwa sababu binti si wako." Nilinyamaza. Alikuwa na haki yake. Bwana wetu alikwenda arusini Kana, na muujiza wake wa kwanza aliufanya kwa ajili ya watu waliokwisha kunywa, ili karamu isiaibike. Asiyeona kwamba karamu ni shukrani na ni ushahidi mbele ya ukoo hajaelewa ndoa ya Kiafrika, na labda hajaielewa Kana. Halafu kuna fedha za watu. Kianzio cha ukumbi kilitokana na michango ya wakulima wa mpunga na kakao, na kamati iliyochukua senti ya mjane inawajibika kwake. Kuuliza fedha hiyo imekwenda wapi si tamaa ya mapambo.

Bado kuna tofauti kati ya ndoa na karamu, nasi Walutheri hatuna sababu ya kuisahau. Luther alifunga ndoa na Katharina jioni ya tarehe 13 Juni 1525 mbele ya watu wachache sana; karamu ya hadhara ikafanyika tarehe 27 ya mwezi huohuo, wazazi wake wakiwepo. Wiki mbili zilikaa katikati, na hakuna aliyesema katika siku hizo kwamba hawakuwa mume na mke. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo haitaji ukumbi. Inataka taarifa ya siku 21, hiari ya wawili na mashahidi wawili. Hayo yote tulikuwa nayo Ngana bila kuvuka maji.

Nasisitiza hili kwa sababu ya waliokosea upande mwingine. Nilisikia wazazi waliosema, "Tusubiri korona iishe," huku vijana wao wakiendelea kukutana gizani, na wengine wakabatiza mtoto kabla ya kufunga ndoa. Kuahirisha ndoa kwa sababu ukumbi hauruhusiwi kujaa ni kuifanya pilau iwe na nguvu kuliko kiapo. Siku ile ningepaswa kuiambia kamati: ndoa ifungwe kwa tarehe yake, karamu ingoje, kianzio kiulizwe kwa simu, na atakayelaumu anilaumu mimi. Ndivyo tulivyokuja kufanya mwishoni, lakini baada ya kuvuka kwanza.

Kuna hoja nyingine niliyoisikia sana, na sijui kama nimeimaliza moyoni. Walisema: mabasi ya Mbeya yamejaa, soko la Kyela limejaa, kanisani kwako tumejaa, kwa nini ugombe na watu wanne waliokwenda kutazama ukumbi? Anayeuza mchele sokoni anatafuta chakula cha siku, na kumlinganisha na kamati ya harusi si haki. Kuhusu kanisa, nakiri kwamba tungeweza kupunguza mabenchi mapema kuliko tulivyofanya. Lakini siwezi kukubali kwamba uzembe wa wengi unaufanya wangu kuwa halali. Paulo aliwaambia Wakorintho kuhusu nyama ya sadaka za sanamu kwamba afadhali asile nyama kabisa kuliko kumwangusha ndugu. Nyama yenyewe haikuwa na ubaya. Hakungoja Korintho yote iache kula kwanza, wala hakuuliza kama ndugu yule ameanguka kweli au ameponea chupuchupu.

Na ndugu katika habari yetu ni yupi? Kwa muda mrefu nilidhani ni mtu fulani asiyejulikana ambaye angeambukizwa huko mbele. Mwaka 2022 nikamfahamu. Wale vijana walileta mtoto wao wa kwanza kubatizwa Ngana, na bibi yule wa ng'ambo akaja nao, safari hii kwa kupitia Kasumulu. Baada ya ibada tuliketi kivulini nje ya nyumba ya mchungaji, nikamwambia nafurahi kumwona mzima, kwa sababu nimekuwa nikiifikiria ile siku yetu ya ukumbi.

Akacheka kidogo. Akasema walituogopa. Redio ilikuwa imewaambia ugonjwa uko Tanzania, na majirani walimuuliza kwa nini anapokea watu wa huko. Lakini mgeni, tena mkwe, tena mchungaji, unamrudishaje kutoka mtoni? Hakuna maneno ya kusema jambo hilo katika lugha yetu. Kwa hiyo alfajiri aliwaamuru wajukuu watoe viti vyote nje, wavipange chini ya mwembe, kila kimoja mbali na mwenzake, akitumaini kwamba tukiviona tutaelewa.

Navikumbuka viti vile. Tulipofika tulidhani wenyeji wameona haya kwa ajili ya nyumba yao ndogo, nasi hatukutaka wajisikie wanyonge. Tukasema hapana, sisi si wageni, tutakaa ndani na bibi kama watoto wake. Tukavibeba wenyewe kuviingiza chumbani, tukavipanga vikigusana ili sote tuenee. Kimoja nilikibeba mimi, nikakiweka karibu na chake.