Kidole cha Chura

Siku ya kura unatoka kituoni na wino kidoleni. Unapiga picha, unaposti, na baada ya siku chache wino umefutika. Ile alama inasema jambo moja tu: huyu tushamhesabu.

Sasa mfikirie chura. Kwa miaka mingi, njia rahisi ya kumtia alama imekuwa kumkata ncha ya kidole kwa mkasi. Kidole hiki namba hii, kile namba ile. Haina gharama, na chura haulizwi.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Tuseme umekamata vyura 40 msituni, ukawatia alama na kuwaachilia. Siku kadhaa baadaye unarudi, unakamata 50, na 10 kati yao wana alama, yaani mmoja kwa kila watano. Basi wale 40 wako ni moja ya tano ya wote: msitu una vyura kama 200.

Lakini hiyo yote inasimama juu ya imani kwamba alama haimdhuru mwenye kuivaa. Je, vidonda vikiua nusu ya wale 40? Safari ya pili huenda ukapata watano tu wenye alama. Piga hesabu tena: 400. Umeua 20, na karatasi inasema wako mara mbili. Hapo mimi nilikwama kabisa.

Na si hofu tupu. Mwaka 2001 Kirsten Parris na Michael McCarthy, watafiti wa Australia, walichambua upya takwimu za tafiti za awali wakaona kwamba kadiri vidole vilivyokatwa vilivyozidi, ndivyo uwezekano wa kumpata chura yule tena ulivyopungua.

Kuna upande wa pili, na siupuuzi. Milima ya Taita ina chura mmoja mwenye ngozi ya vidutuvidutu, Callulina dawida, aliyepewa jina hilo la kisayansi mwaka 2009. Haishi penginepo duniani. Msitu wake umebaki vipande tu. Ngangao ni kama hekta 120, umezungukwa na mashamba, mikalitusi na misindano. Bila namba, nani atautetea? Kidole kimoja dhidi ya spishi nzima, kwani kuna mjadala?

Upo. Hoja ya wachache waumie kwa faida ya wengi tumeisikia sana nchi hii, na kwa kawaida anayeitoa ni mtu ambaye kidole chake kiko salama. Isitoshe, zipo njia nyingine: kupiga picha za madoa ya mgongoni kwa wale walio nayo, kusikiliza milio usiku, kuhesabu wanaoonekana kwa kila saa ya kutafuta na tochi. Utapata jibu la kukadiria, "kati ya 100 na 400", na afisa ofisini atataka namba moja. Sawa, asubiri.

Shida ni kwamba mara ingine pengo kati ya 100 na 400 ndilo linaloamua kama msitu utalindwa au utakatwa. Hapo siwezi kumwambia mtafiti aweke mkasi chini na kurudi nyumbani. Ningemwomba tu aandike kwenye ripoti, kando ya idadi ya vyura, idadi ya vidole alivyokata.