Tafakuri ya leo: Milango mingi, nyumba ileile

Nabii Yaqub (a.s.) aliwausia wanawe waliokwenda Misri wasiingie kwa mlango mmoja, waingie kwa milango mbalimbali, na hapohapo akakiri kwamba hilo halizuii alilopanga Allah (Yusuf, aya ya 67). Kwa hiyo kugawa akiba si kukosa tawakkul.

Ila wewe mwenye vipande vya UTT, laki umeweka Ukwasi, laki Hatifungani, halafu unasema "nimegawa", hebu fungua ripoti ya mfuko uone. Ukwasi pesa yake iko kwenye dhamana za serikali na amana za benki. Hatifungani, jina linajieleza. Kote huko unakopesha kwa riba, na mapato ya mifuko yote miwili yanategemea riba. Umoja, ulioanza 2005, una hisa, lakini nao umechanganywa.

"Mbona hata fulani anaweka?" Sawa, ataulizwa yeye. Shaka ukiigawa mafungu matatu, haipungui.

Siku hizi nchini ipo mifuko inayojitangaza kufuata sharia. Nayo usiimeze kwa jina tu: uliza inanunua hisa za nani, na masheikhe gani wanaikagua.