Mwaka wa Pili wa Kuuguza

Mtu hufiwa na mzazi, na mtu huuguliwa na mtoto. Vitenzi hivi viwili viko katika kauli moja, ile ya kutendewa, na vinakiri jambo ambalo wahenga walilijua vizuri: kifo na maradhi havimpati mmoja, vinamwangukia na aliye karibu naye. Tazama basi jinsi tunavyowatendea watu hawa wawili. Kwa mfiwa tuna utaratibu kamili. Turubai linafungwa kabla jua halijapanda, masufuria makubwa yanatoka kwa majirani, mtu anakaa mlangoni na daftari la rambirambi, kuna matanga, kuna arobaini. Aliyeuguliwa tunamwambia "pole na kuuguza", tunamshikisha elfu kumi, tunaondoka. Kwa malaria ya siku tano, hilo linatosha. Kwa nyumba yenye mtoto wa miaka minne anayetibiwa saratani ya damu, halitoshi hata kidogo, na ninaamini kwamba upungufu huu wa desturi ni sababu mojawapo inayotupotezea watoto ambao dawa ingewaponya.

Nasema ingewaponya kwa kuwa wengi wetu bado tunaichukulia saratani kama hukumu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri, zaidi ya 80 katika kila 100 hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki 30. Maradhi ni yale yale: saratani ya damu, uvimbe wa figo unaolifanya tumbo livimbe, saratani ya jicho inayojionyesha kama weupe unaong'aa kwenye mboni mtoto anapopigwa picha. Dawa nazo, kwa sehemu kubwa, ni zile zile, na nyingi zimetumika kwa miongo mingi. Kinachotofautiana ni njia anayopita mtoto, tangu mama apapase uvimbe wakati wa kumwogesha hadi siku daktari atakaposema dripu zimekwisha. Njia hiyo hukatika mahali pengi: homa inayotibiwa kama malaria kwa miezi miwili, dawa iliyokosekana stoo, mjomba anayeshauri aanze kwa mganga. Lakini kuna mahali panapozungumziwa kidogo kuliko pengine. Mtoto amefika hospitali kubwa, ugonjwa umejulikana, dawa zimeanza na zinafanya kazi, kisha familia haionekani tena. Hospitalini huitwa kukatisha matibabu.

Kwa nini mzazi akatishe tiba inayofanya kazi? Jibu linaanzia kwenye urefu wake. Si kila saratani ya mtoto inataka miaka. Uvimbe wa taya ambao daktari mpasuaji Denis Burkitt aliuandika mwaka 1958, akifanya kazi Mulago jijini Kampala, hukua kwa kasi ya kutisha, lakini ukisikia dawa, matibabu yake huisha ndani ya miezi. Saratani ya damu inayowapata watoto wengi zaidi hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu, na urefu huo umelipiwa kwa maisha ya watoto waliotangulia. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston, Marekani, alitangaza kwamba dawa imeurudisha nyuma ugonjwa huu. Watoto walioletwa wakiwa hoi walisimama, wakacheza, na baada ya miezi michache ugonjwa ukarudi, wakafa. Seli chache zilikuwa zimebaki mwilini, chache mno kuonekana kwa hadubini, nazo zilitosha kuanza upya. Ni katika miaka ya 1960 ambapo Donald Pinkel na wenzake, huko Memphis, walichanganya dawa kadhaa na kuendelea kutibu kwa takriban miaka mitatu baada ya ugonjwa kutoweka machoni. Ndipo ikafika mahali nusu ya watoto wakapona. Mwaka wa pili basi, ule ambao mtoto anameza kidonge kila siku na kurudi kliniki huku anakimbia na wenzake, ndio unaozizuia zile seli chache zilizojificha zisirudi.

Hapa macho yetu hutudanganya. Dawa mojawapo ya mwanzo, predinisoloni, humpa mtoto njaa isiyo na mfano. Anaamka saa nane za usiku akidai ugali na dagaa, anakula hadi sahani inang'aa, analala, anaamka tena saa kumi kuulizia uji. Mashavu yanajaa, uso unakuwa wa mviringo, tumbo linatangulia mbele. Jirani akimwona anafurahi kwa moyo mweupe: mashaallah, mtoto amenenepa, amepona. Habari inaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba hali ni nzuri, tumshukuru Mungu, na kuanzia wiki hiyo mweka hazina hapokei kitu. Wakati huo ni mwezi wa pili tu. Mbele kuna karibu miaka miwili ya nauli.

Na nauli ni sehemu moja tu ya hesabu. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, kwa ushirikiano na taasisi ya Tumaini la Maisha, watoto wenye saratani hutibiwa bila malipo, na familia zinazotoka mbali husaidiwa malazi. Ni jambo kubwa, na mtu asilidharau. Lakini mama aliyetoka Kagera au Kigoma, zaidi ya kilomita 1,000, akakaa wiki sita wodini, kwa wiki hizo sita hajauza maandazi. Shamba halijapaliliwa. Baba anaomba ruhusa kazini mara ya kwanza anapewa, mara ya pili anapewa kwa shingo upande, mara ya nne anaambiwa apumzike moja kwa moja. Inauzwa friji. Kisha inauzwa pikipiki iliyokuwa ikileta hela ya kila siku, na hapo familia imekula mbegu. Huko Eldoret, Kenya, watafiti waliwafuatilia watoto waliogunduliwa kuwa na saratani kati ya mwaka 2007 na 2009 katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, wakakuta zaidi ya nusu walikatisha matibabu. Wazazi walipoulizwa, walitaja fedha, kukosa bima na shida ya usafiri. Anayewaita wazazi hawa wazembe hajawasikiliza.

Kwamba jambo hili linabadilika likishughulikiwa, tuna ushahidi. Recife ni mji wa kaskazini mashariki mwa Brazili, eneo la umaskini mkubwa. Miaka ya 1980, watoto 16 katika kila 100 waliokuwa na saratani hiyo ya damu katika hospitali moja ya pale walikatisha tiba. Wahusika hawakuishia kuboresha dawa na kuwafunza wauguzi. Waliweka mahali pa kulala kwa familia, wakalipa usafiri, wakatoa chakula, wakawapa maofisa wa ustawi wa jamii kazi ya kufuatilia kila mtoto asiyefika siku yake. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliokatisha hawakufika hata mmoja katika 100, na watoto waliobaki hai bila ugonjwa kurudi waliongezeka kutoka karibu theluthi hadi zaidi ya 60 katika 100. Siwezi kusema ni kitanda na nauli pekee vilivyofanya hivyo, maana dawa na uuguzi navyo viliboreka. Lakini dawa bora haimponyi mtoto aliye kijijini wakati dripu yake ipo mjini.

Sasa turudi kwetu. Michango yetu imejengwa juu ya tukio lenye tarehe. Harusi ina Jumamosi yake. Kadi zinagawiwa, kamati inakaa, ahadi zinasomwa kwa sauti, siku ikipita kamati inavunjwa. Mazishi ni vivyo hivyo, tena kwa haraka zaidi. Saratani ya mtoto haina Jumamosi, kwa hiyo tunaichangia mara moja kana kwamba inayo, fedha zinaisha, na familia inaona haya kurudi kuomba. Lakini tunao utaratibu mwingine, ambao kina mama wamekuwa wakiuendesha miaka nenda miaka rudi, nao unafaa kama vile ulitungwa kwa ajili ya ugonjwa mrefu. Ni upatu. Kiasi ni kidogo, siku inajulikana, kijumbe anafahamika, na asiyeleta anafuatwa mlangoni kwake. Watu ishirini wakitoa shilingi 2,000 kila wiki, ni 40,000 kwa wiki, zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Tofauti na upatu wa kawaida ni moja: anayepokea ni yule yule hadi tiba iishe. Wala si lazima kila zamu iwe ya fedha. Mwenye bajaji anaweza kuahidi kwamba usiku wa Jumanne na Alhamisi simu yake haizimwi, kwa sababu dawa hizi hushusha kinga, na homa ya mtoto asiye na kinga haingoji kukuche. Saa chache zinaweza kumaliza kila kitu. Mwingine anapalilia ekari moja. Mwingine anapika, na akiwa na mafua anaacha chungu mlangoni bila kuingia. Desturi yetu ya kumjulia hali mgonjwa kwa kujazana chumbani ina upendo, ila tetekuwanga anayokuja nayo mtoto wa mgeni inaweza kumpeleka mtoto huyu mahututi.

Nitaambiwa hii ni kazi ya serikali. Nakubali, na ninataka serikali ibanwe. Tanzania ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, Kenya ikaubadilisha mfuko wake wa bima ya afya, NHIF, kuwa SHA mwaka 2024, na katika nchi zote mbili mwananchi ana haki ya kuuliza mtoto mwenye saratani anapata nini hasa. Lakini bima, hata ikikamilika, inailipa hospitali. Haipalilii shamba wala haimwandalii chai binti wa darasa la tano aliyeachwa na wadogo zake. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: watu wamechoka kuchanga, na wengi wanaochanga wenyewe hawana kitu. Ni kweli, na ndiyo maana napendekeza kidogo cha kila wiki mahali pa kikubwa cha mara moja. Anayelazimika kuahidi laki moja mbele ya kamati, kisha anaikopa, ameumizwa. Hata hivyo, tusijidanganye kwamba uchovu wetu ndio mzito. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kanda hili tunaliona jepesi hasa kwa sababu mama mwenyewe hulibeba kimya, akitabasamu na kusema tunaendelea vizuri. Wapo pia wanaohofia utapeli, na wana haki: picha za watoto wenye vichwa visivyo na nywele zimesambazwa mitandaoni kwa michango isiyojulikana iliishia wapi. Upatu wa mtaa unajibu hilo. Kijumbe anamjua mtoto, hospitali inajulikana, na hakuna haja ya kumpiga mtoto picha akiwa kifua wazi na sindano mkononi ili watu wa mbali waamini anaumwa.

Liko moja ambalo fedha haziligusi. Watu husema watoto wa Kiafrika hulelewa na ukoo, kwa hiyo ndugu za mgonjwa wanaobaki nyumbani hawapungukiwi. Ukoo hulea, nami sitaki kuupunguzia sifa. Lakini mara nyingi kulea huko kuna maana kwamba mmoja anapelekwa kwa bibi Tanga, mwingine kwa shangazi Morogoro, na hakuna aliyewaeleza kwa nini. Mtoto wa miaka saba akinyamaziwa hujitungia jibu lake: mdogo wangu aliugua kwa sababu nilimsukuma, au nami nitaupata kwa sababu tulilala kitanda kimoja. Anahitaji kuambiwa kwa maneno mepesi kwamba saratani haiambukizi na kwamba hakuna alichokosa. Maneno hayo hayo yanawafaa watu wazima wanaotenga kikombe, na mama mkwe anayeuliza ugonjwa huu umetoka ukoo gani. Shirika la Afya Duniani linasema ni takriban mtoto mmoja katika kumi wenye saratani ambaye alizaliwa na hitilafu ya kurithi inayouchochea ugonjwa, na hata huko kurithi hakuna kosa la mtu. Lawama huvunja ndoa, na ndoa ikivunjika mwaka wa kwanza, wa pili unambakia mama peke yake.

Chukua wiki ya 61. Uso wa mtoto umerudi kuwa wake, nywele zimeota, laini kuliko za mwanzo, na jioni yumo katikati ya vumbi la mpira na wenzake. Hakuna anayemwonea huruma, wala hahitaji. Jumatano ni siku ya kliniki. Mama ameshakunja kanga, ameweka kadi na daftari la dawa kwenye mfuko wa plastiki, na basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Jina la mwenye zamu ya nauli hiyo liwe limeandikwa kwa kijumbe tangu mwezi wa kwanza.