Bangi: Uharamu Wake na Adhabu Yake

 

Tarehe 18 Septemba 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika ya Kusini ilihukumu kwamba mtu mzima akivuta bangi faraghani, au akiipanda faraghani kwa kutumia mwenyewe, serikali haina haki ya kumshika. Hukumu hiyo iliandikwa na Jaji Raymond Zondo. Miongoni mwa waliodai alikuwamo Gareth Prince wa Cape Town, mtu wa dini ya Rastafari, ambaye mwaka 2002 alishindwa mbele ya mahakama hiyo hiyo. Kuuza bangi na kuvuta hadharani vikabaki kuwa makosa, na mwezi wa Mei 2024 Rais wa nchi hiyo akatia sahihi sheria ya kufuata hukumu hiyo.

Habari hii yawahusu watu wa pwani kwa njia mbili. Waislamu wa Cape Town wengi wao ni Mashafii kama wao, wazao wa watu walioletwa na Waholanzi kutoka visiwa vya Jawa na nchi za jirani. Na tena, mjadala ule ule umekwisha kuingia katika mabaraza ya huku. Mmoja asema: madhali mahakama imeiruhusu, jambo lenyewe si zito. Mwenziwe amjibu kwa ukali kwamba haramu ni haramu, na atakaye kuondoa gereza ametaka kuihalalisha. Wawili hawa wagombana, lakini kosa lao ni moja: kila mmoja adhani kwamba uharamu wa kitu na adhabu ya hapa duniani ni jambo moja, likiondoka hili limeondoka na lile.

Ama uharamu, hauna shaka. Katika zama za maimamu wanne mmea huu haukuwa mashuhuri kwa kulewesha; ulienea katika nchi za Waislamu mwisho wa karne ya sita na mwanzo wa karne ya saba ya Hijra. Wanavyuoni waliofuata waliupima kwa hadithi zinazokataza kila kileweshacho, na kwa ile aliyoipokea Bibi Ummu Salama inayokataza pia kila kileteacho ulegevu. Imamu Zarkashi, Mshafii wa Misri, aliandika kitabu kizima juu ya kuiharimisha hashishi, na Ibnu Hajar al-Haytami akaihesabu katika madhambi makubwa. Asemaye kwamba haikutajwa katika Qur'ani ajidanganya mwenyewe, kwani akili ni amana, na mwenye amana hana ruhusa ya kuichoma moto.

Lakini wanavyuoni hao hao walipofika katika adhabu, walisimama mahali pengine. Mnywaji wa ulevi ana haddi yake. Mla hashishi, kwa kauli ya madhehebu ya Shafii, hana haddi, ana taaziri. Ibnu Taymiyya alikwenda kinyume akasema naye apigwe haddi, na kauli yake yajulikana, ila siyo inayofuatwa na watu wa madhehebu haya. Na taaziri si neno dogo. Maana yake ni adhabu ambayo kadiri yake imeachiwa mwenye madaraka: aweza kukaripia, kupiga, kufunga, na akiona kusamehe kuna maslaha zaidi katika haki ya Mwenyezi Mungu, aweza kusamehe. Tena ina mpaka wa juu. Fakihi wa Kishafii wamesema kifungo cha taaziri kisitimie mwaka mmoja, ili kisifikie mwaka wa kuhamishwa uliomo katika haddi ya zinaa. Sasa na apime mtu mwenyewe: sheria ya Kenya ya mwaka 1994, ilipotungwa, ilimwekea miaka 10 gerezani mtu aliyepatikana na bangi ya kuvuta peke yake. Yule mwenye ukali barazani, akidai kwamba kifungo cha namna hiyo ndicho kinachoilinda dini, na aonyeshe ni katika kitabu gani cha fiqhi alikokitoa.

Ukali wenyewe umekwisha kujaribiwa. Maqrizi ameeleza katika habari za Misri kwamba karibu na mwaka 780 wa Hijra, Amiri Sudun ash-Shaykhuni alibomoa mahali pa hashishi mjini Kairo, akawang'oa magego waliokuwa wakiila. Haikupita miaka 40, ilipofika mwaka 815, ikawa yaliwa na kutajwa hadharani bila ya haya. Jambo hili halionyeshi kwamba adhabu haina kazi kabisa. Laonyesha kwamba meno ya watu yaling'oka, na tamaa ikabaki.

Ama mlango uliofungwa, Uislamu ulikuwa na neno juu yake kabla ya mahakama yoyote ya leo. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat yakataza kupelelezana. Na imepokewa kwamba Sayyidna Umar alipanda ukuta wa nyumba akamkuta mtu katika maasia, na mtu yule akamjibu kwamba yeye ameasi katika jambo moja, lakini Amiri wa waumini ameasi katika matatu: amepeleleza, ameingia kwa ukutani, na ameingia bila ya idhini wala salamu. Umar akamwacha. Mawardi naye hakumruhusu mwenye hisba kuivunja siri ya nyumba ila kwa kuchelea lisiloweza kurudishwa, kama kuuawa mtu.

Ikiwa ni hivyo, je, mahakama ya Afrika ya Kusini na fakihi wamepatana? Wamepatana mlangoni, wakaachana ndani. Mahakama imeufunga mlango kwa sababu mtu ana haki ya faragha, na yatendekayo humo ni yake. Sharia imeufunga kwa sababu yatendekayo humo yana Mwenye kuyaona asiyehitaji askari. Kwa sababu ya kwanza mvutaji aachwa awe huru. Kwa sababu ya pili aachwa apate kutubu. Na mke asiyepewa masurufu kwa kuwa fedha zimekwenda katika moshi, huyo mlango haumzuii kwenda kwa kadhi.

Tofauti hii yaonekana waziwazi likifika swali la duka. Colorado, katika Marekani, maduka ya bangi ya kila mtu mzima yalifunguliwa tarehe 1 Januari 2014, na serikali yatoza ushuru. Canada ilifuata Oktoba 2018. Hapo jambo si tena kumwachia mtu siri yake; hapo dola yenyewe imekuwa na fungu katika faida, na kila mvutaji mpya ni mapato. Waliolaaniwa katika habari ya ulevi ni pamoja na muuzaji, mnunuzi, mchukuzi na mwenye kula thamani yake. Mwislamu aweza kukubali kuondolewa gereza kwa mvutaji, akalikataa duka kwa nguvu zake zote, wala asiwe amejipinga mwenyewe.

Wazee wengi wa pwani hawalikuti jambo hili katika vitabu. Walikuta katika mfuko wa kanzu ya kijana wao. Usiku ule mzee hana la kumwuliza Zondo wala Zarkashi; ajiuliza kama amwite askari au afunge mlango. Mtume, rehema na amani zimshukie, mlevi alipoletwa akapigwa, kisha mtu akamwapiza, aliwakataza wasimsaidie shetani juu ya ndugu yao. Na alimwambia Hazzal, aliyemshauri Maiz aende akakiri, kwamba lau angalimsitiri kwa nguo yake ingalikuwa bora kwake.

Kijana yule akitubu, fiqhi ya Shafii yamngoja mwaka mmoja. Mwaka ukipita naye yu mwema, ushahidi wake wakubaliwa mbele ya kadhi, aweza kusimama walii wa binti yake, wala hapana awezaye kumtajia ya nyuma ila awe yeye mwenye dhambi. Lakini akiwa aliwahi kuhukumiwa kortini, atakapokwenda kutafuta kazi bandarini ataulizwa cheti cha polisi cha tabia njema, na karani atakayelifungua faili hatauliza alitubu lini.