Nafasi Isiyojazwa

Swali kama mtu aweza kuandikwa kwa ukweli wote ni la kale, lakini siku hizi limeingia katika kazi ya vijana wanaojifunza kupanga kanzidata za hospitali, yaani hazina za habari zilizowekwa katika kompyuta. Mwanafunzi hufundishwa mapema kwamba kila mgonjwa awe na mstari mmoja katika jedwali, na kila mstari uwe na ufunguo usiofanana na wa mwingine. Darasani sharti hili ni jepesi. Tunduma ni zito.

Tunduma, katika mkoa wa Songwe, umekabiliana na mji wa Nakonde wa Zambia, hata mgeni hujua kwa shida mmoja waishia wapi na wa pili waanzia wapi. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupita hapo, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa kwa nchi hizi mbili mwaka 1976, huvuka hapo. Wanyamwanga huishi pande zote mbili. Kwa desturi yao, majina ya ukoo ya wanaume mara nyingi huanza kwa Si- na ya wanawake kwa Na-. Programu inayotafuta jamaa kwa kulinganisha jina la mwisho yaweza kusema kwamba kaka na dada wa tumbo moja hawahusiani kabisa. Kosa hapo si la Wanyamwanga.

Huduma ya matibabu ya UKIMWI nchini Tanzania, iliyoanza kuenezwa mwaka 2004, humpa mgonjwa nambari inayobeba ndani yake mkoa, wilaya na kituo alikoandikishwa. Yeye hubaki na kadi moja, na kituo hutunza nyingine. Ni mpango wenye akili, maana nambari yenyewe husema mgonjwa alianzia wapi. Walakini mahali hubadilika: mwaka 2016 Songwe ilimegwa kutoka Mbeya ikawa mkoa wa pekee, na hapana mtu aliyehama nyumba kwa sababu hiyo. Tena Zambia ina mfumo wake uitwao SmartCare, wenye kadi zake na hesabu zake. Ufunguo wa nyumba moja haufungui ya pili.

Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, ndiye aliyetoa mwaka 1970 nadharia ya majedwali ambayo kanzidata nyingi hujengwa juu yake hata leo. Alitetea pia kwamba habari isiyojulikana iwe na alama yake, isiyo sifuri wala neno lolote. Jambo hili huonekana dogo mpaka lifike kitandani pa mgonjwa. Sifuri katika safu ya wingi wa virusi husema kwamba damu ilipimwa na virusi havikuonekana. Nafasi tupu husema kwamba hapana aliyepima. Atakayechanganya mawili haya atampongeza mgonjwa anayestahili kuhurumiwa.

Hata hivyo kiolesura, yaani ule uso wa programu ambao muuguzi huuona, mara nyingi hukataa nafasi tupu. Humwamuru ajaze tarehe ya kuzaliwa au asiendelee, na foleni nyuma yake ni ndefu. Mama hajui tarehe, ajua mwaka tu. Muuguzi aandika 1 Januari, na mashine yaridhika. Ndiyo sababu katika madaftari ya namna hii watu waliozaliwa siku hiyo huwa wengi kupita kiasi. Kwa mzee wa miaka sabini uongo huu haudhuru sana, bali mtoto mchanga aweza kuongezewa miezi kumi na moja asiyokuwa nayo, na umri huo ndio utakaotumika kuamua chanjo zake. Ni nani aliyesema uongo? Muuguzi alishika kalamu, lakini aliyemnyima njia ya kusema kweli ni yule aliyepanga fomu akiwa mbali, kwa nia njema ya kupata takwimu kamili.

Liko jambo gumu zaidi. Na achukuliwe mfano wa mama ntilie aliyejiandikisha Tunduma kwa jina moja na Nakonde kwa jina jingine, kwa kuwa jirani yake hufanya kazi katika kituo kimojawapo. Kama siku moja habari za pande mbili zitalinganishwa, programu itaona umri na simu vyafanana, na itapendekeza mistari miwili iwe mmoja. Daktari atafurahi, kwa sababu anayeona nusu ya dawa hutibu nusu ya mtu. Lakini jina la pili halikuwa kosa la mwandishi. Lilikuwa pazia, naye mwenyewe ndiye aliyelitundika. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri hiyo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti juu ya habari zinazovuka mpaka.

Yamkini mtu atajibu kwamba maradhi hayajui siri. Ni kweli kwa maradhi ya mlipuko. Mwezi wa Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa muda kwa sababu ya UVIKO-19, na wakati kama huo kumjua aliyekutana na nani ni kuokoa wengi. Mama ntilie anayemeza dawa zake kila jioni hamtishi jirani yeyote, basi haifai apimwe kwa kipimo cha mlipuko.

Ufundi wenyewe unatoa njia. Mistari miwili haina lazima ya kuyeyushwa kuwa mmoja, kwa maana iliyoyeyushwa haitengeki kwa urahisi. Yaweza kubaki miwili, na uhusiano wake ukaandikwa katika jedwali la tatu, pamoja na jina la aliyeuandika, tarehe, na jibu la mgonjwa alipoulizwa faragha: amekubali, amekataa, au hajaulizwa bado. Akikataa, hesabu ya mkoa itakuwa na mtu mmoja wa ziada, na daktari atabaki na nusu yake. Hasara hiyo si ndogo, na afisa wa takwimu ana haki ya kunung'unika. Walakini safu ile ya jibu ianze ikiwa tupu, na mashine isiruhusiwe kuijaza.