Homa Inayorudi

Andiko letu ni Zaburi 139:23-24. Pale Daudi anamwomba Mungu amchunguze mpaka ndani ya moyo. Haombi tu aonekane mzima.

Kuna wenzetu waliowekewa vali bandia ya moyo, au kile kifaa kidogo cha kuongoza mapigo ya moyo. Ni kitu kizuri, kinaokoa maisha. Lakini bakteria wakikifikia, wanashikamana nacho na kujijengea utando ambao dawa hupenya kwa shida. Mtu anameza antibayotiki, homa inashuka. Dawa ikiisha, homa inarudi. Kwa nje kovu limepona safi.

Hapo daktari anaweza kuagiza skani ya PET. Unadungwa sukari iliyotiwa mionzi kidogo. Seli za kinga zinazopigana na bakteria hula sukari nyingi, kwa hivyo mahali pale panang'aa kwenye picha. Lakini sikiza: kabla ya skani hiyo, mgonjwa anaacha sukari na vyakula vya wanga, kisha anafunga, mara nyingi kwa muda wa saa 12 au zaidi. Kwa nini? Kwa sababu misuli ya moyo wenye afya nayo hula sukari. Asipofunga, moyo wote unaweza kung'aa, na ugonjwa ukajificha ndani ya huo mwangaza.

Kanisa, mnanipata? Huduma uliyo nayo ni kitu kizuri alichokiweka Mungu. Lakini uchungu na kupenda sifa vinaweza kushikamana na huduma hiyo hiyo. Jumapili unalia madhabahuni, homa inashuka. Jumatano ugomvi umerudi nyumbani. Mimi nilisomea biashara: mkaguzi wa hesabu haangalii rangi ya duka, anafungua vitabu. Basi wiki hii tusifunge ili tung'ae. Tufunge ili kilichojificha kionekane.

Na niseme wazi. Ndugu yangu, dada yangu, kama una kifaa mwilini na homa inaenda ikirudi, tutakuombea, lakini usikae nyumbani. Nenda hospitali mapema, na umwambie daktari una kifaa. Skani hii ipo hapa Nairobi. Kupimwa si kukosa imani. Daudi mwenyewe, mtu wa imani, ndiye aliyeomba achunguzwe.