Pembe za Karagwe

Wapwani, ambao lugha na nasaba zao zimechanganyika tangu kale, hawana sababu ya kuulaani uchotara. Lakini mtu hujichagulia mwenziwe, ng'ombe huchaguliwa.

Huko Karagwe na Kyerwa, ng'ombe wa Ankole hupandishwa kwa mbegu ya Friziani ili maziwa yazidi. Mfugaji mwenye watoto wa kusomesha halaumiki kwa kutaka ndoo ijae. Chotara wa kwanza aghalabu humridhisha, japo hudai kuogeshwa dawa mara kwa mara, maana ndigana kali humwangusha upesi kuliko mamaye.

Swali zito linakuja pale kila zizi litendapo vivyo hivyo, hata akakosekana fahali wa asili. Chotara huyo hapatikani pasipo mama wa Ankole. Amalizaye kizazi cha mama huwanyang'anya wajukuu, wa kwake na wa jirani, jambo ambalo hawakuulizwa. Mtawala Rumanyika, aliyempokea Speke mwaka 1861, alikuwa na ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu miongoni mwa vitu vya enzi yake. Chuma hakizai. Mafahali wachache wa asili yafaa watunzwe kwa gharama ya wote wanywao maziwa hayo, asiachiwe mzigo huo maskini mmoja asiyemudu Friziani.